Kompyuta Iliyobebwa Msibani

Saa mbili asubuhi

Nyuma ya mashine ya kusaga ya Mwembesongo kulikuwa na chumba kisicho na dirisha. Gervas alikuwa ameifunga mashine siku hiyo. Waliokuja na ndoo za mahindi walirudi nazo. Chumbani walikuwa watu watatu na stuli mbili. Aliyesimama alikuwa Anselmi.

"Hakuna bunduki," alisema Gervas. "Hakuna panga. Tunaingia mchana kweupe, tunatoka mchana kweupe, na wenye mali wanatucheka."

Mwaka ule, 1999, viwanda vya umma vilikuwa vinauzwa. Kimoja cha hapo mjini, kile kilichompunguza Gervas kazini, kilikuwa kinasubiri bahasha za zabuni Jumatatu. Bwana Geofrey, mthamini, alikuwa ameandika bei ya mteja wake kwenye kompyuta ya nyumbani kwake. Tajiri mmoja wa Dar alitaka kuijua bei hiyo kabla hajaandika yake.

Na juzi mama yake Geofrey alikuwa amefariki.

"Salum hapa ni mtani wao," Gervas aliendelea. "Ukoo wake na wa marehemu wanazikana. Mtani akibeba kitu msibani ni utani, mpaka wenyewe waje kukikomboa; nani atamkamata? Geofrey mwenyewe amepanda Mgeta kusimamia kaburi. Salum anaibeba, wewe Anselmi unaifungua, tunanakili, inarudi kabla jeneza halijapandishwa gari."

"Na Cecilia?" aliuliza Anselmi.

Cecilia alikuwa binti wa Geofrey, amemaliza kidato cha sita, ndiye aliyempigia baba yake chapa. Anselmi ndiye aliyeifunga kompyuta ile nyumbani kwao na kumfundisha binti kuilinda. Wiki iliyopita Gervas alimwambia maneno machache tu: ufungue wewe, au tumchukue afungue yeye. Anselmi alikubali kwa sababu hiyo, na hakuwa na sababu nyingine.

"Ukifungua wewe," alisema Gervas, "huyo binti namtakia nini?"

Saa nne

Pikapu ilisimama mbele ya turubai la msiba. Anselmi alibaki ndani, kofia imemfika machoni.

Salum alishuka akilia kwa sauti kubwa, kisha kilio kikageuka matusi.

"Amekufa bibi mchoyo! Nilimpelekea ndizi kutoka Mkuyuni, hata maji ya kunawa hakunipa! Leo najilipa mwenyewe!"

Wanawake kwenye mikeka waliangua kicheko. "Mwizi huyo! Wa Mkuyuni wote wezi! Fungeni kuku!"

"Kuku wenu wamekonda kama nyie!"

Sebule ilikuwa imetolewa vyombo vyote ili wafiwa wapate pa kukaa. Kompyuta ilikuwa imesogezwa koridoni, chini ya kitambaa cha kufuma. Salum alitoka na sipiyu kichwani, kitambaa kimemfunika uso kama bibi harusi. Akarudi kuchukua kioo cha kompyuta na kibodi. Mwanamke mmoja mnene, dada yake Geofrey, alimsaidia kupakia.

"Uitunze hiyo, mjinga wewe. Tutakuja kuikomboa."

"Njooni na jogoo, shangazi Prisca! Tetea sipokei!"

Cecilia alikuwa kizingitini, khanga kifuani, macho mekundu. Naye alicheka. Anselmi alimwona, akatazama chini.

Saa tano

Chumbani nyuma ya mashine ya kusaga, kuingia kwenye kompyuta hakukumchukua Anselmi muda. Kufuli la kuingilia la kompyuta zile lilikuwa la kutishia watoto. Alilipita kwa disketi yake. Faili la zabuni lilikuwa jambo jingine. Lilifungwa kwa programu aliyoiweka kwa mkono wake, na programu ile haikujali fundi wala mwizi. Ilitaka neno la siri.

Aliandika neno ambalo yeye na Cecilia walianza nalo. Likakataliwa.

Aliandika tena, polepole. Likakataliwa.

Alikaa akikitazama kioo. Usitumie jina la mtu wa nyumbani. Usiliandike popote. Libadilishe. Usimwambie mtu yeyote, hata mimi. Hayo alimfundisha Cecilia kwa jioni kadhaa, naye, kati ya wanafunzi wote aliowahi kuwafundisha, ndiye pekee aliyeyafuata.

"Vipi?" aliuliza Gervas.

"Amelibadilisha."

"Zunguka."

"Haina pa kuzunguka. Hata ningekuwa na mwaka mzima nisingelipata."

Gervas hakupandisha sauti. "Salum. Rudi msibani. Mwambie binti aje kukomboa."

"Gervas, ulisema..."

"Nilisema ukifungua wewe."

Anselmi alinyoosha mkono kuuchomoa waya wa umeme wa kompyuta. Gervas aliushika mkono ule, akaurudisha gotini taratibu, kama mtu anayemsogeza mgonjwa.

Saa sita

Cecilia aliingia na jogoo kwapani, tabasamu bado halijamtoka. Salum alifunga mlango.

"Shikamoo, mwalimu," alisema binti. Kisha akamwona Gervas, na faili lililokuwa likisubiri kiooni.



"Andika neno, uende ukamlilie bibi yako," alisema Gervas. Alimpokea jogoo, akaanza kumbana shingo kwa vidole viwili. Jogoo alipiga mabawa, akanyamaza.

Cecilia alimgeukia Anselmi. "Nifanye nini, mwalimu?"

Anselmi aliupima mlango, Salum aliyeuegemea, mikono ya Gervas. Hakukuwa na jibu la pili.

"Andika," alisema.

Cecilia akaandika. Alikosea, akarudia. Faili likafunguka. Gervas alisoma bei, akanakili kwenye disketi, akaitia mfukoni.

"Bosi, tuondoke," alisema Salum. "Kukomboa si kwa mtu mmoja. Mashangazi zake wako njiani na nyimbo zao."

"Najua," alisema Gervas. Anselmi alipoinuka, alimsukuma akakaa. "Wewe huna nafasi kwenye gari." Akamwinamia Cecilia. "Mshukuru mwalimu wako, dada. Ndiye aliyetuambia kila kitu kilipo."

Komeo la nje likafungwa. Pikapu ikaondoka.

Cecilia alirudi nyuma mpaka ukutani.

"Ulinifundisha kufunga," alisema. "Kumbe ulikuwa unawajua watakaokuja kufungua."

Anselmi alikuwa na maelezo. Kila sehemu yake ilikuwa kweli, na hakuna hata sehemu moja iliyomsafisha.

Nje vigelegele vilikaribia, na sauti za kike zikimtukana Salum na ukoo wake wote. Komeo lilivutwa. Shangazi Prisca aliingia wa kwanza, jasho likimtiririka, akicheka. Akamwona jogoo aliyekufa sakafuni. Akamwona Anselmi mbele ya kioo.

"Mtani gani huyu?" aliwauliza wenzake. "Mbona hacheki?"

Cecilia akamjibu, kwa sauti ya chini, bila kumtazama Anselmi. Kicheko kikaanza kukatika mlangoni, mwanamke mmoja baada ya mwingine.