Prado ya Jeanne kwenye Njia ya Kipushi

Uvumi ule ulikataa kumtoka Jeanne kichwani: ati wafanya magendo wa Kipushi wamenunua fundi mmoja, anakata frein, yaani breki, za magari ya Idara ya Ujasusi.

Saa nane mchana. Njia ya Kipushi.

Jeanne, jasusi wa Idara kwa miaka kumi, alisimama kwenye kizuizi. Bastola ya Browning kiunoni, redio ya Motorola mkononi. Lori la magunia ya kobalti ya wizi lilikuwa linakuja. Nyuma ya lori, akilifuata, Ruphin, mwenzake Jeanne kazini, ndani ya Prado, gari la Jeanne.

Motorola ikalia.

"Mama Jeanne! Pedale ya frein inaenda mupaka chini!"

Jeanne akabonyeza kitufe.

"Pompa! Mbio mbio!"

"Inapanda... inashuka tena!"

"Rudisha vitesse, gia ya pili. Halafu frein à main, ile ya mukono. Polepole, papa, polepole!"

Lori likatokea, likaona kizuizi, likapunguza mwendo ili ligeuke. Prado ikalibamiza ubavuni. Magunia yakamwagika. Dereva wa magendo akanyanyua mikono.

Kazi imekwisha.

Mkono wa Ruphin ulikuwa umevunjika mahali pawili.

Chef Numbi, mkubwa wao wa Idara, alifika akicheka. "Bravo! Sasa ule fundi wa magari yetu, Franck, tumufunge leo. Njo yeye alikata frein."

Jeanne alipiga magoti. Akapapasa mipira inayopitisha mafuta ya frein, mmoja mmoja. Hakuna uliokatwa. Akachungulia nyuma ya gurudumu la kushoto: mafuta, na juu yake vumbi jekundu, nene, limegandamana.

Uvujaji wa leo hauwezi kushika vumbi la namna ile.

Siku nane. Kila asubuhi, Jeanne mwenyewe alikuwa anaongeza mafuta ya frein, anapompa mara mbili, anasema itashika. Na leo alimpa Ruphin funguo bila kumwambia neno.

"Chef, acha Franck. Ni mimi."

"Mama, usijiharibie kazi. Nani anajua?"

"Ruphin iko na batoto batatu. Mimi njo ninajua."

Akaweka bastola ya Idara juu ya boneti, akavaa miwani ya jua, akatembea kuelekea ambulensi bila kugeuka.

Wewe unayeendesha, epuka haya:

Kuongeza mafuta ya frein bila kutafuta panapovuja.

Kupompa pedale, ikipanda useme imepona.

Kudharau pedale inayodunda kama mpira. Mule mumeingia hewa.

Kutoka nyumbani wakati unaikanyaga pedale, unashikilia, nayo inazama yenyewe.

Kuweka maji ya sabuni badala ya mafuta ya frein. Hata kidogo.

Kumpa mtu funguo na kunyamaza.