Jini Aliyesingiziwa

Nyaboke aliingia kwenye mashine ya posho ya Caleb, pale soko la Ndhiwa, amebeba sahani ya ugali kama mtu anayepeleka ushahidi kortini.

"Caleb, mimi nilileta mahindi. Nywele sikuleta."

Akashika ncha iliyochomoza kwenye ugali, akavuta. Ikaja. Akavuta tena, ikazidi kuja, mpaka ikawa ndefu kuliko mkono wake: uzi wa rasta, rangi ya maruni.

Caleb akacheka. Kicheko chake wauza ng'ombe walikisikia kutoka upande wa pili wa soko, na kwa kawaida kilimaliza kesi yoyote. "Mama, wenzangu wanachanganya unga na soya. Mimi nimekuchanganyia na saluni!"

Nyaboke hakucheka. Aliteremsha sauti. "Hii ni rangi ya Dorine."

Ndhiwa nzima iliijua rangi hiyo, kwa sababu ilijua kilichompata Dorine, mke wa Caleb na mama wa mtoto wao Liz. Wiki sita zilizopita alikuwa ameinama akifagia unga kando ya mashine, wateja hawajafika. Rasta zake zikavutwa, na ngozi yote ya kichwa, kutoka juu ya nyusi hadi kisogoni, ikang'oka kama kofia. Caleb alitoka nje akipiga mayowe: "Jini! Jini amemshika mke wangu nywele!"

Soko likaamini. Wazee wa kanisa la Sabato walikuja, wakaiombea mashine kutoka kwenye mota hadi kwenye faneli, wakamfukuza jini kwa nyimbo nne. Caleb aliitikia amina kubwa kuliko ya kila mtu.

Ukweli ulikuwa mdogo. Mkanda wa mashine ile ulikuwa na kinga ya bati, na bati hilo lilikuwa likipiga kelele, ta-ta-ta-ta, kiasi kwamba wateja waliosubiri kwenye benchi hawakusikia vichekesho vya Caleb. Akafungua nati nne, akaitupa kinga nyuma ya choo. Basi. Ili asikike akichekesha. Dorine alimwambia mara mbili airudishe, na mara zote mbili Caleb aliligeuza jambo hilo kuwa kichekesho, benchi likaangua kicheko.

Na kulikuwa na jambo dogo zaidi. Ile ngozi ilibaki imejizungusha kwenye mkanda. Yeyote ambaye angeingia angeuona mkanda uko wazi, na nywele juu yake, na asingehitaji jini wa kumweleza kitu. Kwa hiyo, kabla ya kupiga yale mayowe, Caleb alichukua kisu, akaikata ngozi mkandani, akaisukuma ndani ya gunia la pumba. Kinga akairudisha, nati nne. Gunia akalizika nyuma ya mashine watu walipokuwa bado wanatafuta gari.

Siku ileile ya ugali wa Nyaboke, Caleb alifunga mapema, akaenda Homa Bay kumwona mkewe hospitalini.

Dorine alikuwa amekaa kitandani, kichwa kimefungwa bandeji. Mama yake, Susana, alikuwa ametoka Ogwedhi kumuuguza. Caleb alipoingia, Susana aligeuka akatazama dirishani, kwa maana mkwe na maro wake, yaani mama mkwe, hawatazamani machoni. Wiki sita zile Caleb alimshukuru Mungu kila siku kwa mila hiyo.

Daktari Nyarangi alikuja na daftari lake. Alikuwa mpasuaji wa kurekebisha maumbile, mwanamke mfupi mwenye haraka.

"Watu wanafikiri kazi yangu ni kunyoosha pua za matajiri," alisema. "Baba Liz, sikiliza. Ngozi haishiki juu ya mfupa mtupu. Ndiyo maana nilitoboa vitundu kwenye mfupa wa kichwa, vya juujuu tu, nyama ikaota. Kesho nachukua ngozi nyembamba ya paja lake, naipandikiza. Siku ya tano nafungua bandeji. Ikiwa ya waridi, imeshika. Ikiwa nyeusi, mfupa utaanza kuoza, na chini ya mfupa ni ubongo. Tunaelewana?"

"Tunaelewana, daktari."

"Swali moja. Ngozi yake mwenyewe ingeletwa siku ile, kwenye mfuko safi uliowekwa juu ya barafu, tungejaribu kuunganisha mishipa. Pengine angekuwa na nywele zake leo. Ndhiwa si mbali. Ilikuwa wapi?"

"Ilisagika."

"Ilisagika," Dorine akarudia polepole, kama mtu anayeonja chumvi. Kisha akafumba macho.

Upasuaji ukafanyika. Kule Ndhiwa nywele zikazidi. Nyuzi tatu kwenye debe la kwanza, kumi kwenye la pili, na harufu ya nywele zinazoungua ikatoka kwenye unga ungali wa moto. Wateja wakahamia kwa wengine, kimyakimya, bila kuaga. Caleb akabaki na benchi tupu.

Siku ya nne, saa sita mchana, stima ilipotea soko zima. Redio zikanyamaza. Caleb alikuwa amesimama mlangoni aliposikia nyuma yake ta, halafu ta-ta, halafu ta-ta-ta-ta, na alipogeuka aliona mkanda unazunguka wenyewe bila umeme, unazunguka taratibu kama mtu anayekunja uzi, na kutoka chini ya sakafu, kupitia ufa wa saruji, nywele za maruni zilikuwa zikipanda moja moja na kujizungusha juu yake, zimelowa, zina pumba, na ile harufu ikamjaa puani na kooni mpaka akaihisi kwenye meno, na kutoka kwenye faneli ikatoka sauti kavu, kama unga unaochekechwa.

"Ulisema ni mimi."

"Nani?" Caleb alinong'ona.

"Nilikuwa mbali. Nimelala. Nikasikia kanisa zima linanifukuza mahali nisipowahi kukanyaga. Nimefukuzwa kwa kosa lako, Caleb. Basi nimekuja kulitenda. Kesho watakapofungua bandeji nitakuwa nimekaa chini ya ile ngozi, na nitaivuta."

"Tafadhali. Nifanye nini?"

"Chekesha."

"Nini?"

"Si ndicho ulichotaka wasikie? Chekesha."

Caleb akatoka mbio kutafuta jembe.

Alichimba nyuma ya mashine mchana uleule, soko likimtazama. Gunia lilikuwa limeoza, ila nywele hazikuwa zimeoza. Zilikuwa zimeota mizizi, zimeingia chini ya ukuta hadi sakafu ya mashine, na ilimbidi azikate kwa kisu kilekile.

Kesho yake aliingia wodini na mfuko wa unga chini ya kwapa. Daktari Nyarangi, muuguzi kando yake, alikuwa ameanza kufungua bandeji, tabaka kwa tabaka. Susana akageukia dirisha lake.

Tabaka la mwisho halikutoka. Daktari alilivuta kidogo, kisha mkono wake ukasimama. Ile shashi ilikuwa ikipanda na kushuka, kana kwamba kidole kinapita chini yake.

"Sista," daktari alisema kwa sauti ya chini sana, "umeona hiyo?"

Dorine aliuma meno. "Inavuta," alinong'ona. "Daktari, inavuta."

"Ni mimi!" Caleb alisema. "Hakukuwa na jini. Nilitoa kinga ya mkanda ili watu wasikie nikichekesha. Na ngozi haikusagika, daktari. Niliikata, nikaificha kwenye pumba, nikaizika. Iko hapa." Akauweka mfuko sakafuni. "Maro, nilimzika binti yako nusu, ili nisichekwe."

Shashi ikatulia. Daktari aliinyanyua kwa kibano, ikatoka bila kushikwa na kitu. Chini yake, toka paji hadi kisogo, ngozi ilikuwa ya waridi.

"Imeshika," alisema.

Caleb alipiga magoti kando ya kitanda. "Mama Liz, lile jini lilikuja kwangu..."

"Najua," Dorine alisema. "Lilikuja hapa kwanza. Lilisimama hapo ulipo, likaniuliza kama ni kweli lilinifanyia hivi. Nikaliambia hapana. Nikalielekeza kwako."

"Ulijua?"

"Sikuzimia, Caleb. Nilikuwa nimelala chini ya mashine, nakutazama ukisukuma kwenye gunia. Nikasubiri useme. Wiki sita."

"Na sasa limeenda?"

"Limeenda."

Ndipo Susana, ambaye katika miaka kumi na moja ya ndoa hiyo hakuwahi kufanya hivyo hata mara moja, alipogeuka kutoka dirishani, akamtazama mkwe wake machoni, na hakuondoa macho.

Caleb alitamani jini lirudi, likae katikati yao.