Mayai Saba ya Kanga

Zama zile misafara ya pembe za ndovu ilipokuwa ikipita Unyamwezi, na magobori yakianza kuushinda mkuki, boma la Igwisa lilizingirwa mwezi mzima. Kisima cha ndani kilibaki tope. Adui alikuwa amepiga kambi mtoni, na moshi wake ulionekana kutwa. Mtemi Lukanda alikwisha kata shauri: jua likifika utosini angefungua lango, kwani heri watu wake watiwe minyororo kuliko kufa kwa kiu.

Asubuhi hiyo Lugendo, mtegaji wa kanga wa porini, alikuwa juu ya uzio wa magogo, roho juu. Mkewe Kabula amelala pale chini, midomo imempasuka, hata kujibu hawezi. Mara Lugendo akapepesa macho. Katikati ya vibanda vya adui kundi la kanga lilikuwa likichakura mchwa, wala hakuna aliyeinua shingo.

"Mtemi, kambi ile haina mtu. Kanga mmoja akimwona mtu, kundi zima hupiga kelele."

Mtwale Shija, jemadari wa boma, akacheka. "Wamewazoea tu hao."

"Baba, nimewatega miaka ishirini. Wangekuwa wa kuzoea watu, leo ningekuwa na kitambi!"

"Na ukikosea?" Mtemi akauliza.

"Nitakufa peke yangu. Nipeni kibuyu."

Akatoka. Alipofika kibanda cha kwanza kanga walimwona, wakaruka kwa makelele ya kuziba masikio. Hakuna mshale uliokuja. Magogo makubwa ya mkola, mti ushikao moto siku nyingi, yalikuwa yakifuka polepole, hayana wa kuyachochea. Ndani ya kibanda cha mkuu wa adui, juu ya majani ya kitanda, kanga alikuwa ametaga.

Lugendo akayahesabu mayai: saba. Kanga hutaga moja kwa siku. Vihenge vyao vilikuwa vitupu; njaa ilikuwa imewaondoa wale tangu siku saba au zaidi, na Igwisa yote ilikuwa ikiogopa moshi! Akakaa chini, akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akakimbilia mtoni.

Kabula alikunywa, akapaliwa, akamwuliza alikuwa amechelewa wapi.

Nyimbo za vita zilizobaki Igwisa humsifu Mtwale Shija, eti ndiye aliyemfukuza adui kwa mikuki. Lugendo alizicheza zote, mkewe akimpigia vigelegele.