Haki ya Mwosha Maiti

Gulnaz, mtoto wa miaka mitano, alikohoa kama ajuza. Alikivuta kikohozi kutoka chini ya kifua, akatema kohozi zito kama gundi, kisha akaguna, "Ya Rabi." Mama yake, Tahmina, alisisimka mwili. Hivyo hivyo ndivyo alivyokohoa mama mkwe wake, aliyezikwa kabla baridi ya Multan haijaingia.

Mchana mtoto alicheza na mwanasesere wake mpya kama kawaida. Jua likizama, kifua kinaanza. Dawa ya daktari iliisha chupa nzima, makohozi yakazidi, mtoto akabaki mbavu tupu. Usiku mmoja Tahmina alipoinama kumfuta kamasi, harufu ya tambuu na mafuta ya haradali, harufu ya marehemu mwenyewe, ilipanda kutoka kwenye mfarishi aliojifunika mtoto, na Gulnaz, macho yamefumbwa, akasema kwa sauti nzito yenye mikwaruzo, "Mkwe, niletee bakuli langu niteme."

Ilyas, mumewe, alinong'ona, "Tahmina, pamba ya mfarishi huu umeitoa wapi?"

"Ya godoro la marehemu mama yako. Nilimpa mpiga pamba akaichambua upya. Pamba nzuri vile, niitupe?"

"Nani kasema utupe? Matandiko ya maiti ni haki ya aliyemwosha! Hujui, au ubahili umekuziba masikio?"

Asubuhi walimwita Bi Hajran, mwosha maiti. Aliunusa mfarishi, akacheka bila furaha.

"Mimi uliniambia matandiko yameungua. Kumbe jini lililomla mama mkwe wako kifua umelitandikia kwa mwanao! Cha mtu mavi, binti yangu. Pamba yote ndiyo hii?"

"Yote, mama," Tahmina alijibu upesi. "Hata uzi sijabakiza."

Bi Hajran alisoma dua, akaufunga mfarishi kwa kamba, akaenda nao.

Usiku ule Gulnaz alilala fofofo. Tahmina alilia kwa furaha, akambusu paji la uso.

Kikohozi kikasikika.

Alimtazama mtoto. Kinywa kimefumbwa, pumzi laini. Sauti ilitoka mikononi mwake, alimomkumbatia mwanasesere ambaye Tahmina alimshonea kwa konzi ya pamba iliyosalia. Kinywa chake cha uzi mwekundu kilikuwa kimelowa, kinachuruzika ute.

"Mkwe," kilisema, "bakuli."