Mikanda Ndani ya Ndoo ya Unga

Soko lilikuwa limefurika watu pale kinyozi alipomkanyaga mshonaji mlangoni, kisigino cha kiatu kikang'oka. Mshonaji, ndani ya gauni la kijani alilolishona mwenyewe na lililomkaa hasa, akawahi kusema, "Samahani, kaka."

"Nimekukanyaga mimi, halafu samahani uombe wewe?" Kinyozi akacheka. "Basi nikulipe kiatu, au unilipe mguu?"

Mshonaji naye akacheka, na mambo yakaanzia hapo. Simu zikawa haziishi.

"Mpenzi, umekula?"

"Nitakulaje na wewe hujaja?"

Kinyozi alikuwa mpole, mikono yake ikinukia poda ya kunyolea. Mshonaji alimpenda hadi akawa anashona pindo kombo, na mwaka haukuisha kabla hajapewa ufunguo wa chumba cha mwenzake.

Siku ya kwenda kumposa mshonaji kwa mama yake, kinyozi aliingia chumbani kimya, uso ameukunja. Jino lilimuuma tangu alfajiri, ila siku kubwa kama ile hakutaka kulalamika. Mshonaji alimtazama mara moja tu. Kinyozi alipotoka kuoga akavaa shati jeupe na suruali mpya, kisha akaanza kupekua kabati.

"Mpenzi, mkanda wangu uko wapi? Hata ule mweusi siuoni. Au niende kwa mama mkwe nimeshikilia suruali?"

Alitafuta mpaka jikoni, akafunua ndoo ya unga. Mikanda yake yote ilikuwa imefukiwa mle. Akacheka, kisha akamwona mchumba wake amejibana kati ya kabati na ukuta, mikono kichwani.

"Ulikuja umenuna," mshonaji alisema. "Baba akirudi amenuna, mimi na mdogo wangu tulikuwa tunakimbilia kuficha mkanda. Asipouona anampiga mama kwa mkono, na mkono huchoka mapema."

"Kwa hiyo mimi ni mtu wa kupiga? Siku zote umeniona hivyo?"

Sauti ilimpanda bila kutaka. Mshonaji akajikunja zaidi. Kinyozi alipoona vile akatoka nje, maskini, asije akamtisha zaidi, na mshonaji akarudi kwake akijua ameachwa.

Jioni simu ikalia.

"Sikukuacha, mpenzi. Nilitoka ili upumue. Lilikuwa jino tu, basi!"

"Pole. Wewe hujanikosea kitu."

"Basi twende kwa mama kesho."

"Yule mdogo wangu niliyekuwa naficha naye, jana mkewe alikimbilia kwangu, mdomo umepasuka. Tumekulia nyumba moja. Yeye amekuwa baba, mimi nimekuwa mama. Nikizaa, mwanangu atajifunza nini kwangu? Kujificha?"

"Si atajifunza na kwangu pia?"

"Nakupenda, tena sana. Lakini ukikunja uso tu, mwili wangu haukujui. Sitaki uishi ukiogopa hata kuumwa jino. Waambie wazee wako wasije."

Akamsikia kinyozi analia. Kilio cha mama yake, mshonaji alikijua cha kila namna, hata kile cha kubana mdomo kwenye mto watoto wasisikie. Cha mwanamume hakuwahi kukisikia. Alibaki na simu sikioni, naye akilia, mpaka ikakatika.