Nyumba Yenye Mtu

Kifuniko cha birika kilianza kucheza. Tik. Tik. Tik.

Mwatumu alikuwa macho zamani. Alikaa kwenye kiti cha jikoni, mkono juu ya goti la kushoto, akilisugua polepole kama mtu anayembembeleza mtoto mgonjwa. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri na mji mzima wa Bowie, huku Marekani, ulikuwa bado umelala.

Ndani ya kopo la unga, simu ndogo ya Nokia ikatetemeka.

Akaitoa, akaipangusa unga, akasoma. Maneno matatu tu.

Mgeni hapigi hodi.

Akafumba macho. Alikuwa na miaka sitini na moja. Alitamani, walau asubuhi moja, amalize chai yake kabla dunia haijamhitaji.

Akapiga namba aliyoijua kwa kichwa.

"Ufunguo hapa."

"Kitasa hapa. Pole kukuamsha, Auntie." Huyo alikuwa Jepkosgei, Mkenya wa Germantown, fundi wa kompyuta, mama wa watoto wawili.

"Nyumba gani?"

"Landover. Mwenyewe ni mama mzee anaitwa Cheryl, miaka sabini na saba, anaishi pekee yake. Leo saa tatu kamati ya kaunti inakaa. Kuna kampuni, Kestrel Ridge, ime-apply nyumba yake itangazwe haina mtu. Ikishatangazwa hivyo inachukuliwa, wanapewa wao, wajenge maghala."

"Na mwenyewe anasemaje?"

"Hajui chochote. Barua zake wameiba zote. Mita ya maji wamebadilisha, hii mpya haizunguki. Kwa karatasi, hakuna mtu ameoga hapo tangu March."

"Shahidi wao?"

"Mtanzania mwenzako, anaitwa Fredy. Ameapa kwa maandishi ameenda hapo mara kumi na moja, hajaona mtu. Na kuna kitu ingine. Nimedaka simu yao. Saa moja na nusu gari feki la kliniki linakuja kumchukua huyo mama, wamzungushe mpaka kikao kiishe."

"Nimekupata."

"Umekula, Auntie?"

Katika miaka yote ya kazi hii, waliowahi kumuuliza hilo wangehesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

"Nitakula huko," akasema, akazima.

Zamani, kwao, Mwatumu alifanya kazi idara ya usalama wa taifa. Miaka ishirini na sita aliingia katika milango ya watu bila ruhusa yao. Alifungua madroo yao, akasoma barua zao, akatoka bila kuacha alama. Aliambiwa ni kwa faida ya nchi, na mara nyingine ilikuwa kweli. Lakini alikuwa amechoka na kuchoka kwenyewe kulikuwa kumezeeka.

Sasa alitumikia Mlango Wangu. Kilikuwa chama cha watu wa kawaida: mafundi bomba, wauguzi, madereva, mchungaji mmoja na wanafunzi wawili wabishi. Walikutana kwenye gereji ya mtu, kila mmoja na kiti chake cha kukunja. Walipita nyumba kwa nyumba kukusanya saini. Walisimama kwenye mvua na mabango. Hawakuiomba serikali iwape kitu. Waliitaka ikae upande wake wa uzio, na isiwe mkono wa kampuni yenye tamaa. Nyumba ya mtu ni yake mpaka aseme mwenyewe kwamba anaitoa.

Ila kulikuwa na kazi ambazo saini hazikuziweza. Hizo alipewa Mwatumu.

Akachomeka kalamu mfukoni. Ilikuwa na kamera ndani ya kifuniko. Akatia kisikizi cha simu sikioni. Akajaza chai kwenye chupa ya Stanley, ile isiyopoza kitu. Akawasha Corolla yake ya mwaka 2009.

Saa kumi na mbili na nusu alikuwa Landover.

Mtaa ulikuwa kimya kupita kiasi. Nyumba kumi na moja zilikuwa zimezibwa madirisha kwa mbao. Ya kumi na mbili ilikuwa na maua yaliyomwagiliwa.

"Hodi," alisema mlangoni, kwa mazoea tu.

"Karibu," sauti ikajibu kutoka ndani. "Karibu sana, dada yangu. Mlango haujafungwa."

Mwatumu alishtuka. Cheryl, Mmarekani mweusi mwenye mvi nyeupe kama pamba, alikuwa amejifunza Kiswahili chuoni miaka ya sabini. Alikizungumza taratibu, neno baada ya neno, kama mtu anayepanga sahani za thamani.

Akasikiliza habari ya kikao bila kumkatiza mgeni wake.

"Mume wangu alijenga baraza hii kwa mikono yake," akasema. "Wanasema mimi sipo?"

"Wanasema hivyo, mama."

"Basi kula kwanza. Mtu asiyekuwepo hawezi kukulisha."

Akaweka sahani mezani.

Mwatumu akauma andazi. Akaacha kutafuna.

Iliki. Tui la nazi. Limekandwa na mtu aliyefundishwa na mama yake.

"Nani amepika haya?"

"Kijana wa mita. Fredy. Mwezi wa tatu alikuja kubadilisha mita, mvua ikamkuta. Nikampa keki ya pichi aende nayo, katika bakuli langu la buluu. Jumamosi iliyofuata akarudisha bakuli, na ndani yake maandazi. Mimi pia nikalijaza tena. Sasa ni kila Jumamosi."

Mwatumu akaliweka andazi chini polepole.

Kwao hakuna anayerudisha chombo cha watu kikiwa kitupu. Ni aibu. Mtoto wa miaka sita anajua hilo. Fredy alitumwa kuthibitisha kwamba nyumba haina mtu, akapewa bakuli, na mkono wake ukakataa kulirudisha hivihivi. Kampuni ilikuwa imefikiria mita, barua na kiapo. Bakuli hawakulifikiria.

Nje, breki zikalia.

"Ufunguo, wamefika," ikasema sauti ya Jepkosgei sikioni. "Nawaona kwa kamera za barabara. Magari mawili. Van nyeupe, Suburban nyeusi."

"Nawaona."

Akabonyeza kifuniko cha kalamu, akatoka barazani.

Kutoka kwenye van akashuka kijana mwembamba mwenye koti la kliniki. Kutoka kwenye Suburban akashuka mwanamume mrefu, suti ya kijivu, miwani ya jua kabla jua halijatoka sawasawa. Ethan, mwenye Kestrel Ridge.

"Mama huyu ana miadi," Ethan alisema kwa Kiingereza. "Tupishe."

"Ana miadi kweli," Mwatumu akajibu. "Ila si kwako."

Ethan akafungua koti. Bastola ya Glock ilikaa kiunoni. Mkono wake ukaishika.

Mwatumu alikuwa ameshafungua kifuniko cha chupa.

Chai ya moto ikampata kwenye vidole. Bastola ikaanguka. Goti bovu la Mwatumu likalalamika, lakini mguu ukafika, na Glock ikateleza chini ya baraza, mahali ambapo mtu wa suti asingependa kutambaa. Kisha akamshika kiwiko, akakizungusha mara moja, akamlaza taratibu juu ya nyasi.

Hakumvunja kitu. Asubuhi ilikuwa ndefu bado, na hakuwa na hasira za kutosha.

Kijana wa koti alikuwa amesimama, mdomo wazi.

"Shikamoo, mama," akasema. Ilimtoka yenyewe.

"Marahaba. Wewe ndiye Fredy?"

"Ndiyo, mama."

"Kwenu wapi?"

"Kilosa."

"Na huko Kilosa walikufundisha kula kwa mtu, halafu uape kwamba hayupo?"

Fredy akatazama viatu vyake. "Bosi aliniahidi wakili wa makaratasi yangu ya kuishi huku. Nilidhani watamhamishia pazuri. Nilijiambia hivyo."

"Kila Jumamosi?"

"Kila Jumamosi."

Cheryl alikuwa ametoka, mkoba mkononi, kofia ya kanisani kichwani. "Fredy," akasema, "umekonda. Hulali?"

Kijana akaanza kulia bila sauti.

"Utalia garini," Mwatumu akasema. "Panda. Wote wawili."

Corolla ikaondoka. Nyuma yao, Suburban ikawaka.

"Ufunguo, anakufuata."

"Namwona kwenye kioo."

"Kanyaga basi, Auntie."

"Nikikanyaga zaidi, hii gari itabaki vipandevipande barabarani."

Mbele, basi la shule la njano lilikuwa linapunguza mwendo. Mwatumu akalipita likiwa bado linatembea. Sekunde chache baadaye likasimama, taa nyekundu zikawaka, kibao cha "simama" kikafunguka ubavuni mwake. Watoto walianza kuvuka na mabegi makubwa kuliko migongo yao.

Ethan hakusimama. Akalipita basi kwa pembeni, honi ikilia, na dereva wa basi akaruka chini, akamvuta mtoto mmoja kwa begi, akamkumbatia kifuani.

Gari la polisi lililokuwa kwenye kona likawasha king'ora, likamfuata.

Mwatumu hakugeuka. "Watoto wazima?"

"Wazima wote," Fredy akasema, akitazama nyuma.

"Alhamdulillahi."

Saa tatu kasoro dakika nne waliingia ukumbini. Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mwenye miwani ya kusomea, alitazama kiapo, akamtazama Cheryl, kisha Fredy.

"Hii ni saini yako?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Ni uongo."

"Umewahi kuingia katika nyumba hiyo?"

"Kila Jumamosi."

"Kufanya nini?"

"Kula."

Kicheko kidogo kikapita kwenye viti. Mwatumu akaweka kalamu mezani na kuomba waitazame picha. Ndani yake kulikuwa na Ethan, bastola, van ya kliniki isiyokuwepo. Kamati haikuchukua hata robo saa. Ombi la Kestrel Ridge likatupwa, na jalada likaenda kwa mwendesha mashtaka. Nyumba ikabaki ya Cheryl, baraza na maua yake.

Ofisa mmoja akamwomba Fredy amfuate akaandike maelezo. Alimshika begani, si kwa nguvu. Mwatumu aliliona hilo.

Akashuka ngazi peke yake, mkono kwenye goti. Simu ikatetemeka.

"Auntie? Imekuwaje?"

"Ina mtu," akasema. "Nitafutie wakili wa huyo kijana. Mzuri. Na mtu wa kumrudisha mama nyumbani."

"Ati huyo? Si alimuuza mama wa watu?"

"Akajirudi. Nitafutie."

Akafungua mlango wa Corolla, akakaa, akashusha pumzi. Kupitia dirishani alimwona Cheryl mlangoni mwa ukumbi, mdogo chini ya kofia yake, ameshika mkono wa koti la Fredy wakati ofisa anasubiri kwa subira.

Mwatumu akawasha gari na kuanza kuondoka polepole. Sauti ya yule mama ilimfikia bado, taratibu, neno baada ya neno.

"Wakikuachia, Fredy, uje kunitembelea tena. Mimi nipo."