Lori Ambalo Halikupita

Nina umri wa miaka thelathini na mmoja, ni karani wa ghala, na ninaishi Temeke katika nyumba aliyoniachia mama yangu. Ndugu wasomaji, haya ninayoyaandika sijapata kumwambia mtu. Hata mama mwenyewe sikumwambia...

Miaka minne iliyopita nilinunua pikipiki kuukuu kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Mlio wake ulikuwa mdogo, laini. Mama alipousikia mara ya kwanza alicheka, akasema inalia kama cherehani ya marehemu baba, aliyekuwa fundi nguo. Macho ya mama yalikwisha kufunikwa na mtoto wa jicho, haoni ila mwanga na kivuli. Masikio ndiyo yaliyomwongoza.

Kila siku alianika makopa ya muhogo juu ya mkeka, kati ya nyumba na barabara, mahali penye jua. Na hapo ndipo nilipopitia kuingia uani. Akiisikia cherehani yake inakuja, huvuta mkeka na kusimama ukutani anipishe. Malori ya mchanga yakipita hakujisumbua, maana hayo yalifuata barabara yao.

Kazini wenzangu walinicheka. Selemani, niliyekaa naye meza moja, alinilaki kila asubuhi kwa maneno yale yale: "Bwana fundi, kanzu yangu umeishona?" Wote huangua kicheko. Nami nikaona haya kwa ule mlio aliokuwa akiupenda mama.

Basi nikaenda kwa fundi mmoja Ilala. Akafungua ekzosi, akatoa vibati vya ndani vinavyotuliza mlio, akalikata bomba likawa fupi. Alipoiwasha, kuku wa jirani walitawanyika.

"Haya, kaka," akasema akicheka, "sasa mtaa mzima utajua umefika."

Mtaa mzima... isipokuwa mtu mmoja. Kwa nini sikumfikiria?

Nilirudi jioni ile, jua lingali juu, kifua mbele. Nilipokata kona kuingia kwetu niligeuza uso kutazama milango ya majirani, nione nani atatoka kunishangaa. Hakutoka mtu, wote walikuwa harusini mtaa wa pili. Niliporudisha macho mbele, mama alikuwa amechutama juu ya mkeka wake, anageuza makopa, hana habari.

Nilimgonga...

Makopa yalitapakaa mchangani. Mama alilala ubavu, akinyoosha mkono hewani. Pikipiki ilikuwa imezimika. Akauliza kwa sauti ndogo, "Jamani, lori limeacha njia? Mwenye lori yuko wapi?"

Hapo ndipo ningaliweza kuwa mtu, nikasema kweli. Nikapiga magoti, nikamshika, nikasema, "Ni mimi mwanao, mama. Nimekuja mbio. Lori limekimbia."

Nyonga yake ilivunjika. Hakusimama tena.

Siku ya pili nilirudi Ilala, fundi akaliunga bomba na kuvirudisha vibati, mlio ukawa ule wa mwanzo. Mama aliponisikia nikifika aliwaambia wageni waliokuja kumpa pole, "Huyo mwanangu. Tokea mbali namjua." Wakanisifu kwa kumwogesha na kumlisha. Nikazipokea sifa zile nimeinamisha kichwa, wao wakadhani ni adabu.

Kila baada ya swala alimwombea msamaha mwenye lori. Mwaka mzima nilikaa nyuma ya pazia nikisikiliza dua ile. Je, mngestahimili?

Wiki ya mwisho ya uhai wake aliniita, akaushika mkono wangu, akaupapasa kidole kwa kidole. "Baba," akasema, "ukikutana na yule wa lori, mwambie nimekwisha msamehe. Mwambie na yeye alale usingizi."

Alijua? Sijui. Hakuuachia mkono wangu. Nikajibu, "Nitamwambia, mama."

Nikatoka nje.

Pikipiki ninayo hadi leo. Nikifika kwenye kona ile huizima, nikaisukuma kwa mikono mpaka nyumbani.

Wenzangu vijana, watu wakikicheka chombo chenu, waacheni wacheke. Kabla hamjakibadili, ulizeni nani nyumbani anakitegemea. Na kama umekwisha kumkosea mzazi wako, usimtwishe kosa lako mtu asiyekuwepo. Kama yu hai, weka chini karatasi hii. Nenda ukae karibu naye, useme ni wewe... ungali unaye wa kukusikia.